Krete kwa gari: chumba cha chini ya euro 50 bado kipo, au tunadanganyana?

#1 MpimaRamani
Habari wakuu. Kila ikikaribia Machi watu wanauliza namna ya kuzunguka visiwa vya Ugiriki kwa gari bila kumaliza akiba, na majibu yanaishia kwenye hoteli za Santorini. Naweka hoja mezani tuichambue. Kwa kisiwa cha Krete, mwezi Mei au mwisho wa Septemba, chumba safi cha watu wawili kwa euro 35 hadi 50 bado kipo, ila hukipati ukiwa umekaa nyumbani na simu. Unakipata ukifika kijijini na kugonga mlango.

Vinaitwa domatia, yaani vyumba vya kupangisha vya familia. Mara nyingi viko juu ya nyumba ya mwenyewe au nyuma ya mgahawa wake. Ndani kuna kitanda, bafu, friji ndogo, na pengine jiko la umeme la plati mbili. Vingi havimo kabisa mtandaoni, na vilivyomo vinauzwa ghali kuliko mlangoni kwa sababu ya kamisheni ya mtandao.

Njia ninayopendekeza kwa siku kumi: unatua Chania, unashuka Paleochora (kilomita 75 hivi, weka karibu saa mbili kwa sababu ya kona), halafu Plakias, Matala, Myrtos karibu na Ierapetra, kisha Sitia, na gari unalirudisha Heraklion. Wajuzi mnasemaje?

#2 BintiMvita
Hoja nzuri kwa mwenye pasipoti ya Ulaya. Anayeomba viza ya Schengen akiwa Nairobi au Dar hawezi kusema "nitagonga milango". Anatakiwa aonyeshe atakapolala safari nzima, pamoja na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, na ada ya viza tangu Juni 2024 ni euro 90. Fomu ikiwa na usiku mtupu, umewapa sababu ya kukunyima.

Kwa watu wetu wa huku njia ni kuhifadhi vyumba vinavyofutika bure mpaka siku chache kabla ya kuingia. Ila viwe vyumba unavyokusudia kweli kulala. Usihifadhi kwa ajili ya ubalozi halafu ukafuta vyote siku viza inapotoka. Afisa wa mpakani ana haki ya kukuuliza tena unalala wapi, na viza inaweza kubatilishwa papo hapo. Ukibadilisha usiku mmoja au miwili, tembea na karatasi za hizo mpya.

#3 MpimaRamani
#2 uko sahihi kabisa dada, hilo sikuliweka. Basi hoja yangu iwahusu walio tayari na ukaazi wa Ulaya, na wa kutoka Afrika Mashariki wafuate ya BintiMvita.

#4 Kondakta Mstaafu
Kugonga mlango kuna saa zake. Kuanzia saa tisa alasiri mpaka saa kumi na moja na nusu, majira ya kiangazi, ni muda wa utulivu kisheria, na wenye nyumba wamelala. Ukigonga hapo utafunguliwa na mtu aliyekasirika, na bei itakuwa ya hasira pia. Fika kati ya saa sita na saa nane na nusu mchana. Wageni wa jana wameshatoka, vyumba vimefagiliwa, na mwenyewe anajua vingapi vimebaki wazi. La sivyo, subiri saa kumi na mbili jioni, ila hapo umechelewa kwenda kijiji kingine wakikukatalia.

Usimuulize kwanza bei. Omba kuona chumba. Ukiwa ndani fungua maji ya moto uyaache yatoke. Nyumba nyingi zina tangi la jua juu ya paa, na maji yakishatumiwa na vyumba vitatu mbele yako, unaoga baridi. Uliza swichi ya umeme ya kupashia maji iko wapi na kama inaruhusiwa. Uliza kipoza hewa kimo kwenye bei au kinalipiwa pembeni. Angalia dirisha linatazama wapi: likiwa juu ya mgahawa, kelele hazitulii kabla ya saa sita usiku.

Bei iulizwe mwisho, na uiulize kwa usiku tatu. Usiku mmoja hawaupendi.

#5 NusuNauli
Na hapo ndipo nisipokubaliana na mleta uzi. Anasema mlangoni ni nafuu kwa sababu hakuna kamisheni ya mtandao. Kamisheni ipo kweli, kwa kawaida inazunguka asilimia 15. Lakini kinachopandisha bei ya usiku mmoja ni shuka. Mgeni wa usiku mmoja na wa usiku nne wote wanafuliwa shuka na taulo mara moja, na chumba kinasuguliwa mara moja. Mwenye vyumba sita anayefua mwenyewe hiyo kazi anaihesabu. Ndiyo maana mtu anakutajia 55 kwa usiku mmoja, na 40 ukikaa nne. Kamisheni ni sehemu ndogo ya hadithi.

Kwa hiyo njia ya #1 yenye vituo vitano ndani ya siku kumi inajipandishia gharama yenyewe. Ningefanya vituo vitatu: kimoja magharibi, kimoja kusini katikati, kimoja mashariki. Gari lizunguke mchana, begi likae.

#6 Mkwaju
Nyote mmesahau kodi. Ugiriki inatoza kodi ya kila usiku kwa kila chumba, inayoitwa ada ya kustahimili mabadiliko ya tabianchi. Mara nyingi haimo kwenye bei uliyolipa mtandaoni, unaidaiwa ukifika. Chumba cha kawaida ni euro 1.50.

#7 Hesabu Kali
#6 hiyo ni ya 2024. Tangu 2025 viwango vimepanda, na hapa ndipo watu wanapoumia bila kujua. Kuanzia Aprili hadi Oktoba, kwa usiku, kwa chumba:

hoteli ya nyota moja au mbili, euro 2
nyota tatu, euro 5
nyota nne, euro 10
nyota tano, euro 15
vyumba vya kupangisha vyenye leseni ya utalii (hivyo domatia), euro 2
nyumba ya kupangisha ya muda mfupi, zile za mtandaoni, euro 8. Ikiwa ni nyumba inayojitegemea ya zaidi ya mita za mraba 80, euro 15

Novemba hadi Machi vinashuka sana. Vyumba vya kupangisha vinarudi senti 50.

Sasa piga hesabu ya watu wawili usiku tisa. Domatia ni euro 18. Nyumba ya muda mfupi ni euro 72. Hiyo tofauti ya 54 ni usiku mmoja mzima umetoka mfukoni, na kwenye skrini bei zilionekana sawa. Ongeza ada ya usafi: ikiwa ni 40 na unakaa usiku mbili, kila usiku umepanda 20.

Namna ya kutofautisha: hoteli hupangwa kwa nyota, vyumba vya kupangisha kwa funguo, moja mpaka nne. Tafuta kibao cha funguo mlangoni. Nyumba ya muda mfupi inatambulishwa kwa namba ya usajili wa mali, AMA, inayotakiwa kuonekana kwenye tangazo. Tangazo lisilo na namba yoyote liache.

#8 MamaZuhura
Hesabu Kali asante sana. Lakini sisi ni wanne, wakubwa wawili na watoto wawili. Kwetu bado domatia?

#9 Hesabu Kali
Kwa wanne mizani inabadilika, mama. Kodi ya nyumba ya muda mfupi inatozwa kwa nyumba, haiangalii vichwa. Euro 8 kwa wanne dhidi ya euro 4 za vyumba viwili: tofauti ni ndogo. Mkikaa usiku tano au zaidi sehemu moja, ada ya usafi inasambaa na jiko kamili linawalipa. Ila kwanza ulizeni domatia kama wana "studio" ya vitanda vinne. Zipo nyingi, kodi yake ni ile ile euro 2, na watoto mara nyingi wanaongezewa kitanda cha kukunja kwa pesa kidogo.

#10 Jahazi la Lamu
Swali la msingi halijaulizwa. Kwa nini pwani ya kusini ya Krete ni nafuu kuliko ya kaskazini? Mimi nasema ni umbali tu. Viwanja vya ndege vya Chania na Heraklion viko kaskazini, barabara kuu iko kaskazini, ndege za kukodi zinamwaga watu kaskazini. Kusini unavuka milima.

#11 Kondakta Mstaafu
Umbali upi? Rethymno mpaka Plakias ni kilomita 37 hivi, dakika 45. Heraklion mpaka Matala ni saa moja na robo. Hiyo siyo mbali. Kinachopunguza bei kusini ni kwamba sehemu nyingi hakuna hoteli kubwa za kulipia kila kitu pamoja. Mwambao umebanwa na milima, uwanja wa kujengea haupo. Zinapokosekana hoteli za vyumba 300, soko linabaki la familia zenye vyumba vinane, na familia zinashindana zenyewe kwa zenyewe.

#12 Pwani Tupu
Mnasahau upepo. Julai na Agosti meltemi inavuma kutoka kaskazini, inapanda milima, halafu inaporomoka kusini kwa vishindo kupitia makorongo. Plakias inajulikana kwa hilo. Bahari inaonekana imetulia karibu na ufuo, kumbe upepo unasukuma kuelekea nje. Mwenye watoto asiwape maboya ya kupuliza siku hizo. Wageni wanaojua wanakwepa, bei inashuka.

#13 Jahazi la Lamu
#12 hapana. Agosti ndipo upepo uko juu na Agosti hiyo hiyo Plakias inajaa. Upepo hauelezi bei.

#14 Mwalimu Kibao
Nami naongeza sababu ya nne. Angalia Ierapetra na Tympaki kwenye picha ya setilaiti: utaona weupe umetanda, ndizo nyumba za plastiki za nyanya na matango. Miji hiyo haiishi kwa utalii peke yake. Kuna watu wanapanga vyumba mwaka mzima, maduka yanauzia wenyeji, mkate una bei ya mwenyeji. Ndiyo maana Myrtos, kilomita 15 magharibi ya Ierapetra, inabaki na bei za kibinadamu ingawa ni kijiji cha ufukweni.

Kuna upande wa pili pia. Visiwani Ugiriki walimu na madaktari wanaopangiwa kazi wanahangaika kupata nyumba, kwa sababu wenye nyumba wanataka watalii wa kiangazi. Shule zinafunguliwa Septemba. Pale mwenye nyumba anapokubali mwalimu mapema, chumba hicho hutakiona sokoni mwisho wa Septemba. Tukimkuta mwalimu ameshika chumba tusimlaumu, ana haki nacho kuliko sisi.

#15 Kondakta Mstaafu
Ya nyumba za plastiki inaeleza Ierapetra, haielezi vijiji vingine vya kusini kama Sougia na Lentas. Huko hakuna hata nyanya.

#16 Fundi Gia
Naomba tuongelee gari, maana chumba nafuu kinaweza kukugharimu rimu.

Leseni ya Tanzania au Kenya peke yake haitoshi. Unahitaji kibali cha kimataifa cha kuendesha, kinachotolewa na chama cha magari cha nchi yako, na unakibeba PAMOJA na leseni halisi. Kimoja bila kingine hakifai. Mwenye leseni ya nchi ya Umoja wa Ulaya hahitaji hicho.

Magari mengi ya bei ya chini ni ya gia za mkono. Otomatiki ni machache na hupanda bei mapema, hivyo asiyezoea gia ahifadhi miezi kabla. Chukua gari dogo. Vichochoro vya vijiji vya milimani vilijengwa kwa punda, na kona ya nyumba haisogei. Egesha mlangoni mwa kijiji, ingia kwa miguu.

Soma mkataba sehemu ya bima. Hata ile inayoitwa kamili, mara nyingi haifuniki tairi, rimu, vioo na sehemu ya chini ya gari, na inakufa kabisa ukiingia barabara ya vumbi au ukipandisha gari melini bila ruhusa ya maandishi. Barabara ya kwenda ufukwe wa Balos kutoka Kaliviani ni ya vumbi na mawe, kilomita nane hivi. Liache gari Kissamos, panda boti.

Ya mwisho: barabara kuu ya kaskazini ina njia moja kila upande sehemu nyingi, na wenyeji wanaendesha wakiwa wamebana kwenye bega la barabara ili wenye haraka wapite. Ukikaa katikati watakusukuma kwa taa. Sogea kulia pale unapoona mbele vizuri tu. Kwenye kona usisogee.

#17 NusuNauli
#16 na kulichukua Chania kulirudishia Heraklion?

#18 Fundi Gia
Kampuni nyingi za kisiwani zinakubali, baadhi bila malipo, nyingine kwa ada. Waandikie kabla na jibu lao ulihifadhi.

#19 BintiMvita
Wanaotaka visiwa zaidi ya kimoja: usivushe gari. Nauli ya gari melini inazidi ya abiria mara kadhaa, na mkataba unaweza kukataza kama Fundi Gia alivyosema. Vuka kwa miguu, kodi gari siku mbili kila kisiwa. Naxos siku mbili zinatosha kupanda Halki, Filoti, Apeiranthos mpaka Apollonas. Usiku uliobaki unatumia basi na ufukwe wa Agia Anna.

Na meli ya usiku kati ya Piraeus na Krete ni chumba pia. Inaondoka saa tatu au nne usiku, inafika alfajiri. Tiketi ya sitaha ndiyo ya chini kabisa. Unalala kwenye viti vya ukumbini, na kipoza hewa kinapulizwa kama cha mochwari, hivyo beba shuka nzito. Kitanda kimoja kwenye kabini ya pamoja kinapunguza usiku mmoja wa hoteli.

#20 Mkwaju
Au mtu abebe hema alale ufukweni bure.

#21 Hesabu Kali
Mkwaju, hapana ndugu yangu. Kupiga kambi nje ya kambi zilizosajiliwa kumekatazwa Ugiriki, na faini ni euro 300. Magari ya kulala yanahusika pia. Kiangazi kuna moto wa nyika, mtu anayewasha jiko dogo la gesi chini ya misonobari anahatarisha kijiji kizima. Kambi rasmi zipo, Paleochora kwa mfano. Ila hesabu zake zinatengana: kichwa, hema, gari, umeme. Watu wawili wenye gari wanaweza kukuta wamelipa karibu na bei ya domatia ya Mei.

#22 Mwalimu Kibao
Tukiwa kusini, wasomaji wa Matendo ya Mitume sura ya 27 wajue kwamba Bandari Nzuri bado ipo. Ni Kaloi Limenes, kusini mwa Matala na magharibi ya Lentas, na kisiwa kidogo kilicho mbele yake kina matangi ya mafuta ya meli. Paulo aliwashauri wasiondoke pale, nahodha akataka Foinike, sehemu za Loutro ya leo. Upepo uitwao Eurakilo ukawakuta.

#23 Pwani Tupu
Basi upepo umerudi kwenye uzi, Jahazi ajibu.

#24 Jahazi la Lamu
Eurakilo ni wa kaskazini-mashariki na ilikuwa imeshapita saumu, yaani majira ya baridi yanaingia. Meltemi ni wa kiangazi. Huu hapa ni upepo mwingine kabisa, Pwani Tupu, na bado hauelezi bei ya chumba.

Ila kwa Loutro nina la maana: hakuna barabara. Gari linabaki Chora Sfakion, unapanda boti. Agia Roumeli vivyo hivyo. Bei ya vyumba Loutro iko juu kuliko majirani kwa sababu ghuba ni ndogo. Lala Chora Sfakion, nenda Loutro kutembea.

#25 Kondakta Mstaafu
Na wanaotaka korongo la Samaria, kilomita 16 za kushuka, wasiache gari Omalos juu. Utatokea chini baharini na gari liko mlimani. Lala Sougia, acha gari hapo, panda basi la asubuhi mpaka Omalos, shuka kwa miguu hadi Agia Roumeli, halafu boti ya jioni ikurudishe Sougia kwenye kitanda chako. Hakikisha ratiba ya basi na boti siku moja kabla. Upepo ukizidi boti haitoki. Korongo linafunguliwa Mei hadi Oktoba, na siku za joto kali au mvua linafungwa.

#26 MamaZuhura
Tarehe zipi za kukwepa kabisa?

#27 BintiMvita
Agosti 10 mpaka 20. Tarehe 15 ni sikukuu ya Kupalizwa kwa Bikira Maria, Wagiriki wenyewe wanarudi visiwani kwao, vyumba vinaisha na wengi wanadai usiku tano kwa uchache. Pia Pasaka ya Kiorthodoksi, ambayo haifuati ya kwetu. Mwaka 2027 inaangukia Mei 2, kwa hiyo anayefuata ushauri wa #1 wa "Mei ni nafuu" akute wiki ya kwanza imepanda. Oktoba 28 ni sikukuu ya taifa, mwisho wa wiki huo miji inajaa.

Baada ya hapo vijiji vya kusini vinafunga kimoja kimoja. Novemba lala Chania, Rethymno, Heraklion, Sitia au Ierapetra. Hiyo ni miji ya watu, haifungwi.

#28 MpimaRamani
Nimepunguza vituo kuwa vitatu kama NusuNauli alivyosema: Paleochora usiku tatu, Lentas tatu, Myrtos tatu. Lakini bado nashikilia la kugonga mlango kwa mwisho wa Septemba. Bei ya mtandaoni na ya mlangoni hazilingani.

#29 NusuNauli
Zinaweza zisilingane, mzee wa milango, ila tuma ujumbe au piga simu kabla, moja kwa moja kwa mwenyewe. Taja usiku tatu, taja tarehe. Utapata bei ya mlangoni bila kuzunguka na begi juani.

#30 MpimaRamani
Na asiyejua Kigiriki wala Kiingereza kizuri apige simu gani? Mlangoni vidole vinatosha.

#31 Fundi Gia
Kwa Lentas: barabara inapanda milima ya Asterousia kisha inashuka kwa kona kali mpaka baharini, usiifanye usiku mara ya kwanza. Jaza tanki mjini Mires kabla ya kupanda. Jumamosi kuna soko pale. Nunua nyanya, mayai na jibini vya kutosha siku tatu, maana duka la kijijini ni dogo. Toa pesa taslimu hapo hapo, na uombe noti za 10 na 20.